Niambie Kule Mbele Iko Nini

Mambo haya alinielezea Léocadie mwenyewe, mwezi wa saba uliopita, siku mbili walizolala kwangu Kavimvira wakingoja dawa ya macho ya mume wake ivuke mpaka kutoka Bujumbura. Tulikuwa tunachambua ndagala, dagaa wa ziwa, uani. Gracien, mume wake, alikuwa amekaa kwenye kizingiti, na kila mara alimkata bibi yake maneno ili amsahihishe: haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano, ng'ombe hawakuwa wawili, alikuwa mmoja. Kwa hiyo nimeyapata kwa vinywa viwili, na pale walipobishana nimemfuata Léocadie, maana yeye ndiye aliyekuwa anaona.

Nyumba yao iko Luberizi, upande wa juu wa barabara kubwa ya Bukavu, pale mashamba ya mpunga yanapokwisha na njia ya kupanda Mulenge inapoanza. Gracien alikuwa mpeleka chanjo. Kila Alhamisi, kwa miaka kumi na moja, alifunga glasiere, lile sanduku la barafu la kuwekea chanjo, nyuma ya pikipiki nyekundu ya kituo cha afya, akapanda nayo milimani, mahali akina mama walimngoja na watoto mgongoni. Pikipiki ilikuwa ya kituo, lakini ililala kwao, ndani, kando ya kitanda cha mama yake Gracien, Koko Pudentienne, ambaye alisema kwamba harufu ya mafuta ameizoea kuliko alivyowahi kuizoea harufu ya marehemu mume wake.

Léocadie aliijua njia ya Mulenge mara mbili. Mara ya kwanza kwa miguu, alipokuwa msichana wa huko juu akishuka sokoni na kitunga mgongoni. Mara ya pili alipoolewa, nyuma ya Gracien, amekaa upande kama wanawake wanavyokaa, shavu limelala kwenye koti la mume wake. Zamani hizo Gracien alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, kuukuu, iliyowaka ikitaka. Jumamosi walishuka hadi Uvira, wakafika Kalundu, wakanunua mikeke, wale samaki wa ziwa, bado inarukaruka, na kurudi jioni upepo wa ziwa ukiwasukuma mgongoni. Njia yote alikuwa akiona koti. Koti la kahawia, mshono wake ulifumuka kwenye bega, naye aliushona mara tatu. Ukimuuliza barabara ya Uvira ilikuwaje miaka ile, atakuambia habari za ule mshono.

Basi, mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi wa nne, walipanda baada ya misa kwenda kumwona mtoto wa dada yake Léocadie. Juma lile, malori ya kampuni ya barabara yalikuwa yamemwaga changarawe kutoka mtoni, mawe ya mviringo, yamelala juu ya udongo kama maharagwe juu ya sinia. Kila mtu alikuwa ameyaona. Hata Koko Pudentienne, asiyetoka nyumbani, alikuwa ameyasikia malori.

Gracien aliingia kwenye changarawe kwa mwendo wake wa siku zote, kana kwamba njia ni ile ya mwaka juzi. Gurudumu la mbele lilikwenda kivyake. Léocadie alisikia mgongo wa mume wake unamtoroka, kisha akajikuta amekaa chini, kikwembe kimepanda hadi magotini, na mbele yake pikipiki imelala ubavu, gurudumu linazunguka taratibu.

Hawakuumia sana. Gracien alichubuka kiwiko, na kiatu chake kimoja kilichomoka. Alipiga magoti akakitafuta. Jua lilikuwa la saa sita. Kiatu kilikuwa mbele ya goti lake, cheusi juu ya mawe meupe, na mkono wake ukapita kushoto, ukarudi, ukapita kulia, ukipapasa mawe kama mtu anayetafuta kiberiti usiku.

"Baba Jolie," Léocadie akamwambia, kwa jina la mtoto wao, "kiatu iko mbele yako."

"Najua."

Lakini mkono uliendelea kupapasa. Léocadie alitambaa, akakichukua, akamvisha, akamfunga kamba. Hakumwuliza kitu. Ni Gracien aliyeanza, uso ameuelekeza bondeni. Ilianza mwezi wa tano wa mwaka uliopita, alisema, pembeni kwanza, kama mtu anafunga pazia polepole. Sasa lilibaki tundu dogo katikati, na lenyewe lina moshi.

Léocadie alihesabu kwa vidole. Miezi kumi na moja amekuwa akipanda nyuma ya mtu asiyeona.

"Ulikuwa unaendesha na nini?"

"Na matako," Gracien akasema. "Ile njia, matako yangu njo inaijua. Jiwe fulani, shimo fulani, daraja. Hawakupashwa kuibadilisha bila kuniambia."

Alitaka kumpiga, Léocadie aliniambia, na wakati huohuo alitaka kucheka, na mwisho hakufanya hili wala lile. Waliinua pikipiki, wakaisukuma hadi nyumbani, yeye kwenye usukani, ule wanaouita gidoni, na Gracien nyuma ameshika kibebeo, watu wa Luberizi wakiwatazama na kuwapa pole ya kuishiwa mafuta.

*

Kwenye hospitali ya Uvira waliambiwa kwamba ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, dawa ingelinda kile kilichobaki. Nyumbani walikubaliana watu waambiwe ni goti.

Ndivyo walivyomwambia na Damien, mwuguzi mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye sauti ndogo, ambaye hupangusa miwani kila anapotakiwa kusema jambo baya. Aliipangusa muda mrefu. Kisha akasema kwamba goti ni goti, lakini watoto wa Mulenge hawawezi kungojea goti la mtu mmoja. Kuna kijana, Niyongabo, dereva wa pikipiki pale njiapanda, alikuwa ameomba kazi hiyo mara mbili. Alhamisi hii angepanda yeye, na zinazofuata, na mwisho wa mwezi angekuja kuchukua pikipiki ya kituo moja kwa moja.

Léocadie alimwona Gracien anavyoshusha mabega, mtu aliyejulikana vilima vyote kwa jina la Baba wa Chanjo, ambaye watoto aliowapelekea chanjo wakiwa kifuani leo wanamsalimia wakienda shule. Akasikia mdomo wake mwenyewe unasema:

"Nitapeleka minye, mimi mwenyewe."

Damien alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaona hawacheki naye. Akauliza kama anajua kuendesha. Léocadie akasema hajui, atajua. Kule juu ni kwao, akaendelea, anawajua akina mama wote na wanaozaa mwaka huu na wanaoficha mimba, na Kifuliiru, lugha ya huko, anakisema. Niyongabo angesema nao kwa lugha gani?

Damien alifikiri. Alivaa miwani. Akasema hivi: hawezi kumpa chanjo za serikali mtu anayejifunza. Atawaachia pikipiki wiki nne. Alhamisi ya mwisho atamfungia glasiere yenye mayai ishirini, apande peke yake mpaka kituo kidogo cha Mulenge, ampe Sidonie, mkunga wa huko. Sidonie atafungua, atatazama, ataandika. Yakivunjika zaidi ya mawili, pikipiki inatoka nyumbani kwao siku ileile, na kazi nayo.

"Mayai ya kuku?" Gracien akauliza.

"Ya kuku. Sisi wa kituo hatufugi mbuni."

Akaleta karatasi ya kusaini kwamba pikipiki inabaki. Gracien alichukua kalamu, akainama, akasaini vizuri, kwa madaha, jina lote na mstari chini yake. Alisaini juu ya meza, pembeni ya karatasi. Damien aliisogeza karatasi hadi chini ya ule mkono, akasema taratibu kwamba wino haukutoka vizuri, tafadhali arudie. Gracien akarudia. Walipotoka, Léocadie alijua kwamba habari ya goti imekwisha, na kwamba yule mtu hataisema popote.

*

Wiki ya kwanza ilikuwa ya uwanja wa shule. Kuwasha, kubana klachi, kuingiza vitesi, yaani gia, kuzima. Léocadie alivaa suruali ya mume wake chini ya kikwembe, kikwembe kikanaswa na mnyororo, kikararuka. Siku ya pili alivaa suruali peke yake. Koko Pudentienne alitoa kiti nje ili aone vizuri aibu hiyo inavyopita.

"Mtoto wangu alioa mwanamke," akawaambia majirani. "Leo suruali imeoana na suruali. Mkinisikia nimekufa, mjue si malaria."

Pale njiapanda, madereva walisimama waziwazi kumtazama. Niyongabo, yule kijana, hakuwa mbaya, alikuwa na mdomo tu. Kila alipopita alipunguza mwendo, akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, kisha akamwuliza kama pikipiki imeshakunywa maji au aipelekee ndoo. Léocadie alimwitikia marahaba. Akishafika nyumbani ndipo aliposema aliyotaka kumjibu, tena kwa kirefu.

Uwanjani alifanya vizuri. Shida ilikuwa changarawe. Wiki ya pili walianza kupanda, yeye mbele na Gracien nyuma, na kila siku walianguka. Si kuanguka kukubwa. Pikipiki ililala tu, kama ng'ombe aliyechoka, nao wakalala nayo. Magoti ya Léocadie yalikuwa mabichi. Gracien alimfundisha yote aliyoyajua. Gidoni ushike kama kifaranga, ukikaza utakiua. Freni ya mbele uisahau, tumia ya mguu. Gazi, yale mafuta ya mkononi, isikatike wala isiruke. Gurudumu likianza kucheza, simama juu ya vikanyagio, bana tangi kwa magoti, uiache icheze chini yako. Léocadie aliyafanya yote, moja baada ya jingine, na bado akaanguka.

Siku ya tano ya kuanguka, walikaa kando ya njia. Gracien alimwuliza, bila hasira:

"Umeanguka juu ya nini?"

"Juu ya jiwe."

"Uliliona?"

"Nililiona vizuri. Sikuliacha na jicho hata kidogo, mpaka tukalipanda."

"Na la jana?"

"Nalo nililiona."

Gracien akanyoosha mkono, akagusa paji la uso la bibi yake, pale juu ya nyusi, mahali penye bonde dogo ambalo wanawake wengi wa milimani wanalo. Ni alama ya kamba. Huko wanabeba mzigo mgongoni, na kamba ya kitunga inapita kwenye paji la uso, shingo inainama mbele, na macho hayana mahali pengine pa kwenda isipokuwa hatua mbili mbele ya vidole. Léocadie alivikwa kamba akiwa na miaka minane. Ndivyo alivyoshuka mlima huo mara mamia na hakuanguka hata siku moja, kwa sababu kila jiwe alilitazama kabla ya kulikanyaga.

"Njo ile," Gracien akasema. "Uko unaendesha na kitunga mgongoni. Pikipiki inaenda kwenye unaangalia. Ukiangalia jiwe, inaenda kwa jiwe. Angalia mbali."

Kusema ni rahisi. Aliinua macho, na hatua kumi baadaye yalikuwa yameshuka yenyewe. Gracien hakuweza kuyaona, lakini aliyasikia; alisikia mabega ya bibi yake yanavyokunjika. "Umerudi chini," alimwambia. Akayapandisha. "Umerudi." Mara ya mwisho Léocadie alisimamisha pikipiki katikati ya njia, akalia kwa uchungu, akasema amwite huyo Niyongabo leo hii, yeye amechoka kuokota mawe kwa magoti.

Gracien alimngoja mpaka akamaliza. Wakati huo upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na mbali sana chini huko, alisema Léocadie, mto Ruzizi ulionekana kama uzi, na baada yake Burundi, na kulia kidogo kipande cha ziwa. Gracien hakuwa ameviona mwaka mzima.

"Mama Jolie," akasema. "Niambie kule mbele iko nini."

"Wapi?"

"Kule kabisa. Kona ya juu. Minye siioni."

Léocadie alipangusa uso, akatazama. Akamwambia kuna mwanamke anashuka na beseni la bluu kichwani. Na nyuma yake? Kuna ng'ombe, mmoja, mwenye pembe ndefu. Wa nani? Hajui, wacha wasogee. Aliwasha pikipiki ili amwone huyo ng'ombe ni wa nani. Mwanamke akapita, ng'ombe akapita, kona ikafika, na Gracien alikuwa ameshauliza baada ya kona kuna nini. Kuna bati jipya. Shule? Hapana, kanisa. Kanisa gani, zamani hapakuwa na kanisa. Sasa lipo, wana spika mbili mlangoni.

Walikuwa wamepanda changarawe yote. Alijua baadaye, walipofika kwenye udongo, kwa sababu mtikisiko uliacha.

Mpaka leo hawakubaliani juu ya jambo hilo. Léocadie anasema mume wake alitumia akili ya mwalimu. Gracien anasema hakutumia akili yoyote, alikuwa anataka kujua.

*

Zile wiki mbili zilizobaki, Léocadie anazikumbuka kama Jumamosi za Kalundu. Kila alasiri walipanda, sasa shavu la Gracien ndilo limelala kwenye bega lake, na yeye anasema njia kwa sauti, na Gracien anauliza habari za vitu vya zamani. Kile kibanda cha fundi baiskeli bado kipo? Kipo, lakini fundi sasa anauza vocha za simu. Ile mikalitusi mitatu, tulikonywea maji siku nilipokuja kukuposa? Ilikatwa, Baba Jolie. Yote mitatu? Imebaki visiki.

Kwenye daraja lililofuata Gracien akasema polepole kwamba yeye alikuwa anaipita kila Alhamisi, mwaka mzima huu, na kila akifika pale alisikia kivuli chake mkononi.

Léocadie akamwambia kwamba mbele kuna watoto watatu na mbuzi, na mbuzi ndiye anayewaongoza.

*

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano, Damien alipanga mayai mwenyewe, safu moja pumba za mpunga, safu moja mayai, akafunga glasiere kwa kamba za mpira. Sanduku lilikaa pale pale abiria anapokaa. Ni wakati huo tu, aliniambia, ndipo Léocadie alipofahamu kwamba Gracien hapandi. Wiki nne nzima hakuwahi kufikiria. Alikuwa na mahali pa mtu mmoja nyuma, na mayai yamekaa.

Gracien alikuwa ameshafahamu. Alivaa shati la misa, akasimama kwenye mlango wa kituo, mkono kwenye tangi. Alimwambia jambo moja tu.

"Gazi isikatike."

Na Niyongabo alikuwepo, amefunga chanjo za kweli kwenye pikipiki yake. Alitazama glasiere ya mayai, akamwambia mama Jolie, ukifika unikaangie mawili, mimi nitakuwa nimeshalala usingizi wa kwanza. Madereva wakacheka. Damien alipangusa miwani. Léocadie alifunga kitambaa kichwani, akakikaza, akawasha.

Njia ya chini aliimaliza vizuri. Alikuwa anasema kwa sauti, peke yake, kama mwenda wazimu: kule mbele iko baiskeli na viroba viwili vya makaa. Kule mbele iko bwana na mwavuli, na mvua hakuna. Alipofika kwenye visiki aliviacha bila kuvitaja. Changarawe ilianza, akasimama juu ya vikanyagio, pikipiki ikacheza, akaiacha.

Niyongabo, aliyekuwa amechelewa kidogo njiapanda kutia mafuta, alimpita hapo, pahali pabaya kuliko pote, kabla ya kona ya bonde. Alipiga honi mbili za salamu na kuondoka kwa kasi. Mwezi wa tano mvua ilikuwa imeisha mapema mwaka huo. Vumbi liliinuka nyuma yake kama nyumba inayobomoka.

Léocadie hakuona tena kitu. Si jiwe, si kona, si mkono wake. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo, kulia kulikuwa na bonde, naye hakujua gurudumu liko karibu na lipi. Vidole vyake vilitaka freni ya mbele. Vilikuwa tayari vimeigusa. Akatazama mbele, na mbele hapakuwa na kitu cha kusema.

"Nilifikiri hivi," aliniambia, na hapo Gracien mlangoni hakumsahihisha. "Nilifikiri, njo hivi alikuwa anaona. Kila Alhamisi. Na alikuwa anafika."

Alivitoa vidole kwenye freni. Gazi haikukatika wala haikuruka. Aliacha njia imwambie kwa matako, samahani kusema hivyo: mawe manene yanagonga upande wa bonde, madogo yanakwaruza upande wa ukingo, katikati kuna mfereji wa matairi ya malori, laini, kama mgongo wa mtu unayemjua. Akakaa humo. Vumbi lilimwingia puani, mdomoni. Alihesabu kumi na nne. Kwenye kumi na nne lilipasuka, na kule mbele, mbali, palikuwa na bati la kanisa na spika mbili, na kona ilikuwa nyuma yake.

Ndipo alipokutana na huyo ng'ombe mwenye pembe, amesimama katikati ya njia bila haraka yoyote. Léocadie alisimama, akatia mguu chini, pikipiki ikaanza kulala, na yeye akaizuia kwa mguu wa kulia, nyama ya ndani kabisa imegusa bomba la moshi. Aliungua vibaya, lakini hakuiachia. Ng'ombe alimtazama mpaka akatosheka, akatoka. Alama ya bomba anayo hadi leo. Alinionyesha, ni kubwa kama kifuniko cha chupa, na madereva wa Luberizi wote wanayo palepale.

Huko Mulenge, Sidonie alifungua glasiere juu ya meza ya kupimia watoto, akina mama wakisogea kuona chanjo gani hiyo yenye pumba. Alitoa yai moja baada ya jingine, akalipandisha kwenye mwanga wa dirisha. Kumi na tisa yalikuwa mazima. Moja lilikuwa limepasuka kwa unywele mmoja, halivuji. Sidonie, ambaye alicheza naye utotoni, alimtazama, akasema polepole kwamba hilo angeweza kuliweka upande, hakuna atakayejua.

"Liandike," Léocadie akamwambia.

Niyongabo alikuwa amekaa ukutani akingoja glasiere yake irudishwe. Alimwona anavyotembea na mguu ule, akainuka, akampa nafasi kwenye benchi. Baada ya muda akamwuliza lile vumbi alilipitaje, maana alipogeuka kutazama alikuwa ameogopa. Léocadie alimwambia kwamba alipita nalo.

*

Alirudi saa kumi na moja. Damien alisoma barua ya Sidonie wamesimama uani, akasema Jumatatu aje kwa karatasi za kazi, na kwamba wiki inayofuata itakuwa surua. Alimpa mkono, kisha akampa Gracien mkono, akiupeleka mpaka uguse wa Gracien ili asiutafute.

Nyumbani, Koko Pudentienne alikuwa amepika muhogo na ndagala, yeye asiyepika tangu Pasaka. Hakumpa pongezi. Alimwuliza kama Sidonie ameongezeka mwili. Alipouona ule mguu, alikwenda akatafuta asali, akaipaka kwa kidole chake kilichopinda, akanung'unika kwamba mtoto wake aliungua hapohapo mwaka alioanza, na yeye huyuhuyu ndiye aliyempaka. Pikipiki ikaingizwa mahali pake. Koko akajifunika, na muda si mrefu wakamsikia anakoroma kando ya tangi.

Giza lilikuwa bado jipya walipolala. Gracien alilala chali. Alimwomba amwambie njia, yote, tangu mlango wa kituo.

Léocadie alianza. Alimwambia baiskeli ya makaa, bwana mwenye mwavuli, changarawe ilivyosogezwa na mvua ya mwisho, na mahali magari yamechimba mfereji katikati. Gracien alimkatiza: mfereji upande gani? Kulia kidogo. Upana gani? Tairi moja na nusu. Akausogeza mguu wake chini ya shuka, kama anayeubadilishia vitesi. Léocadie akamwambia vumbi. Hapo Gracien alimshika mkono, akangoja wavuke. Alimwambia kanisa, na ng'ombe, na baada ya ng'ombe wakaanza kushuka kuelekea daraja la tatu, lile la magogo.

"Magogo ni mapya," Léocadie akasema. "Wameweka sita. La pili kutoka kushoto..."

Akalala hapo hapo, katikati ya neno, mdomo wazi.

Gracien alisubiri. Aliita jina lake mara moja, chini chini, kisha hakuita tena. Njia ya baada ya daraja alikuwa nayo kichwani mwake nzima, aliniambia hilo mwenyewe kutoka mlangoni, na mikalitusi mingine ya pale anapogeuka, na harufu ya jikoni ya mama yake Sidonie. Lakini ilikuwa njia ya zamani. Hakutaka kuipita peke yake bila kujua lile gogo la pili lina nini. Basi, akilini, alizima pikipiki upande huu wa daraja, akaegemea tangi akisikiliza maji, akamngoja bibi yake aamke amwambie, na huko huko usingizi ukamkuta.